Jicho la Kasikeu

Jamal alishuka kwenye bodaboda akiwa amekipakata kifurushi kifuani kama mama aliyetoka kujifungua. Kilikuwa kimefungwa kwa leso ya mamake, leso ya siku za sherehe, na dereva aliponyoosha mkono amsaidie kukishika, Jamal alijigeuza upande kana kwamba anaporwa. Vumbi la njia ya Kasikeu lilikuwa limempaka nyusi na kofia. Kifurushi hakikuwa na chembe.

"Jicho!" aliita toka langoni, meno yote nje. "Leo utanishukuru mpaka uchoke!"

Mbaluka alitoka nje akifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. Walikuwa wamejuana kwa sauti muda mrefu, mmoja akiwa Mwingi na mwenzake Kasikeu, wote wawili wamevaa hedifoni, lakini ana kwa ana walikuwa wameonana mara moja tu. Walikumbatiana kwa bega moja ili kifurushi kisibanwe. Kisha Jamal akaifungua leso palepale uani, pindo baada ya pindo, na Mbaluka akakitambua kilichomo kabla pindo la mwisho halijafunguka. Ilikuwa kadi ya picha, ile sehemu ya kompyuta inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Ubavuni ilikuwa na kibandiko cha mwezi mwandamo, na kibandiko hicho Mbaluka alikuwa amekiona kwenye picha mara nyingi. Kadi ilikuwa ya Jamal mwenyewe.

"Sasa wewe utachezea nini?" aliuliza, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Sichezi. Kompyuta yangu bila hiyo ni sanduku tu, hata skrini haiwaki. Nafasi yangu nimempa binamu yangu Khalid." Jamal alicheka alipoona uso wa mwenzake. "Usinitazame hivyo, bwana. Mimi nikikosekana hakuna atakayelia. Lakini wewe! Kama unaona vile kwa mkebe wako ule, je, ukipata kifaa cha haki? Jumamosi ijayo, kwenye mashindano, nani atatusimamisha?"

Mbaluka akashukuru, maana angefanya nini? Akashukuru tena. Ndani yake alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kompyuta yake pamoja.

Tuseme ukweli: Mbaluka hakuwa mchezaji hodari. Mchezo wao ni ule wa kuwindana kwa bunduki, makundi ya watu wanne wanne yanatupwa kwenye nchi moja pana, na kundi litakalosalia mwisho ndilo bingwa. Siku nyingine alipiga shabaha, siku nyingi alipiga ukuta. Akishtuliwa alibonyeza kitufe kisichotakiwa, na zaidi ya mara moja alijilipua kwa bomu lake mwenyewe akiwa amesimama katikati ya wenzake. Ilham wa Kitui, binti asiyejua kuuma maneno, alikuwa akisema kwamba Mbaluka ni adui aliyejiandikisha upande wao. Kompyuta yake nayo ilikuwa imetupwa na ofisi fulani ya mji wa Wote. Ilinguruma kama kinu cha posho, na joto likizidi iliganda mpaka aipepee kwa kipande cha katoni.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Mbaluka aliona watu waliojificha nyasini. Katika mchezo ule nyasi ni ndefu, na mjanja hulala humo kifudifudi akingoja wapita njia. Wengine wote walipita wakafa. Mbaluka alisema tu, "Kuna mmoja amelala pale, kando ya jiwe," na kweli alikuwepo. Ndipo wakampa jina la Jicho. Muktar, mwenzao wa nne, kijana wa wauza mifugo aliyezaliwa Garissa akakulia Mwingi, aliapa kwamba hajaona kitu kama hicho, na Muktar si mtu wa kuapa ovyo.

Sababu Mbaluka aliijua baadaye, siku aliyoingia saiba moja ya Wote, duka la kukodisha kompyuta, akafungua mchezo uleule kwenye kompyuta ya watu. Alisimama bondeni asilitambue. Majani yalimfika kifuani! Ndipo alipoelewa kwamba kompyuta yake haikuwa na nguvu ya kuchora hata unyasi mmoja. Waliotengeneza mchezo walikuwa wamehakikisha nyasi zinaonekana kwenye kila kompyuta, hata picha zikishushwa namna gani, ila hawakudhani kwamba duniani bado kuna mtu anayechezea kigae kama kile. Adui alijilaza akijua amefunikwa, na Mbaluka akamwona amelala peupe. Jicho hakuwa na jicho. Alikuwa na umaskini wa kompyuta uliomfaa.

Siku hiyohiyo angesema, wangecheka, yakaisha. Lakini sifa ni tamu, nanyi mnajua, na mtu aliyezoea kuitwa adui wa nyumbani haitemi akishaionja. Alivishwa kilemba cha ukoka, naye badala ya kukivua akakikaza. Ilham alipomuuliza anaonaje, alijibu bila hata kukohoa:

"Umau wangu, yaani babu, alikuwa mwindaji wa upinde. Ndiye aliyenifundisha kutazama porini."

Lo! Uongo ule uliota mizizi. Jamal aliupenda kuliko wote. Kila walipoingia mchezoni alitaka asimuliwe tena: umau alivyonyemelea, umau alivyoshika pumzi. Mbaluka alisimulia. Na umau mwenyewe, marehemu mzee Musembi, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule maisha yake yote, na kuku alipochinjwa nyumbani alikwenda kukagua ua upande wa pili mpaka kelele ziishe.

Siku Jamal alipofika, nyanyake Mbaluka, susu Kalunde, alikuwa ameshamkamata jogoo. Alimfunga miguu, akampeleka mgeni kando ya jiko na kumkabidhi kisu kwa mpini.

"Mwanangu, najua nyinyi Waislamu mnavyochinja. Chinja mwenyewe, tena useme maneno yako vizuri nisikie. Sitaki ule kwangu ukiwa na wasiwasi. Kumdanganya mtu kuhusu kinachoingia tumboni mwake, hiyo kwangu ni dhambi kubwa."

"Shukrani, nyanya," alisema Jamal, na uso wake ukaonyesha kwamba ameguswa kweli. Akaelekea kibla, akasoma bismillahi, akachinja. Mkono ulimtetemeka kidogo. Alipokuwa akinawa alisema kwa kucheka, "Mumeo angenicheka, nyanya, nashika kisu kama mtoto. Mbaluka ametusimulia habari zake. Mwindaji kama yule!"

Mikono ya susu ilisimama juu ya manyoya. Alimtazama Jamal, kisha akamtazama Mbaluka aliyekuwa ameegemea mlango wa jiko. Nafasi ya kusema ilikuwepo, tena ndefu. Mbaluka akatazama viatu vyake. Susu alikuwa amemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na hapakuwa na kitu usoni mwake asichoweza kukisoma.

"Eeh," alisema hatimaye. "Alikuwa mwindaji."

"Alikwenda mbali?"

"Mbali. Mpaka kule Kambu."

"Na alirudi na nini?"

"Swala," alisema susu, akainama kunyonyoa. Alikuwa akitoa uongo kidogo kidogo, kama mtu anayetoa kitu kisicho chake. Ni mwanamke wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe na kiti chake cha mbele, na Mbaluka hakuwahi kumsikia akisema lisilokuwepo hata kwa utani.

"Upinde wake bado upo, nyanya? Ningependa kuushika tu, basi."

"Nitautafuta," alisema susu, bila kuinua kichwa.

Baada ya chakula wakaingia chumbani kuifunga kadi. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya cherehani ya marehemu. Mashine yenyewe ilikuwa imeinamishwa ndani, juu yake kitambaa cha kufuma. Jamal alivuta kiti, na goti lake likagonga pedali ikalia.

"Cherehani hii ni ya nani?"

"Ya susu," alijibu Mbaluka. Alishangaa jinsi ulimi ulivyokuwa mwepesi.

Kadi ikakaa mahali pake. Walipowasha, Mbaluka alisali kimoyomoyo igome, iungue, umeme upotee Kasikeu nzima. Haikugoma. Mchezo ulifunguka, na chumba kikawa kijani. Nyasi zilijaa kote, kila unyasi na ncha yake, upepo ukizilaza na kuziinua.

"Mashallah!" alisema Jamal akishika kichwa. "Tazama! Umau wako angefurahi."

Ilham, Muktar na Khalid walikuwa tayari wakingoja. Sauti ya Ilham ikaingia sikioni: "Jicho, tumesikia una macho mapya. Haya, tuonyeshe. Bonde la kushoto, kuna nini?"

Mbaluka alitazama bondeni. Aliona nyasi. Akasogeza uso karibu na skrini, akaona nyasi zaidi.

"Hakuna mtu," alisema. "Piteni."

Wakapita. Risasi zikatoka majanini kutoka pande mbili, Muktar akaanguka, Khalid akaanguka, Ilham akapiga kelele, na Mbaluka kwa mshtuko akarusha bomu miguuni pake. Duru ya pili alisema, "Kuna mmoja kichakani," ili tu aonekane ameona, wakamaliza risasi zao kwenye kichaka kitupu, wakavamiwa kwa nyuma. Duru ya tatu hakusema kitu chochote. Ilham naye akanyamaza, na ukimya wa Ilham ulikuwa mbaya kuliko matusi yake.

Muda wote huo Jamal alikuwa amesimama nyuma, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Mbaluka alihisi mkono ule ukiondoka. Sasa ameniona, alifikiri. Shingo yake yote ilikuwa moto.

"Nisamehe," alisema Jamal.

Mbaluka akageuka.

"Nisamehe, ndugu yangu. Kosa ni langu. Njia ilikuwa na mashimo, nahisi kadi imeumia. Au nimekuvuruga tu, mtu ana mazoea yake. Ulikuwa sawa na kifaa chako, mimi nikaja na kimbelembele changu." Macho yake yalikuwa yamelowa. Alikuwa ametoa nafasi yake, amesafiri tangu alfajiri, na sasa alikuwa akiomba radhi.

Mbaluka akafungua mdomo. Kabla hajasema neno mlango ukafunguliwa. Susu aliingia akihema, vumbi limemfika magotini, mkononi ameshika upinde.

Mbaluka aliujua upinde ule. Mpini wake ulikuwa umezungushiwa mpira wa baiskeli, na tangu utotoni mwake ulikuwa ukining'inia ukutani kwa mzee Ndululu, ng'ambo ya korongo. Susu alikuwa amevuka korongo na jua lile, na goti lake lile bovu, akauazima.

"Huu hapa," alisema. "Wa mzee."

Jamal aliupokea kwa mikono miwili na kuinama kidogo. Alipitisha kidole kwenye mti wake polepole. "Umeona, Jicho?" alisema, na furaha ikamrudia kama mtoto aliyenyamazishwa. "Siku moja mbaya haimwondolei mwindaji jina lake. Nyanya, alikuwa akiushika vipi? Nionyeshe."

Susu akauchukua. Hakujua aushike wapi. Aliuinua kwa mkono wa kulia, akauhamishia wa kushoto, akavuta kamba kwa vidole viwili kama anayechagua mawe kwenye pojo. Alimtazama mjukuu wake amwonyeshe kama amepatia.

"Susu, wacha," alisema Mbaluka. "Rudisha upinde wa mzee Ndululu."

Kompyuta peke yake iliendelea kunguruma.

Susu aliushusha upinde. "Ulininyamazia pale jikoni," alisema taratibu, "nikadhani ndivyo unavyotaka."

"Ndivyo nilivyotaka. Nisamehe, susu."

Susu alimgeukia mgeni, akajifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea. "Mwanangu, kuku ni halali," alisema. "Ulichinja mwenyewe." Kisha akatoka.

Mbaluka alidhani sasa atasema, lakini mdomo ulikataa katakata, basi akaiachia mikono. Alizima kompyuta. Akaichomoa kadi, akaifunga ndani ya leso pindo baada ya pindo kama alivyoona imefunguliwa, akaiweka juu ya kitanda. Akarudisha waya wa skrini kwenye tundu lake la zamani. Akawasha, akasimama kando ya kiti.

"Kaa wewe," alisema.

Jamal aliketi bila kuuliza na kuvaa hedifoni. Wenzao walikuwa bado wanangoja duru ya mwisho, wakalipokea jina la Mbaluka wakidhani ni yeye. Nchi ikafunguka. Ilikuwa uwanda mtupu wa rangi ya udongo, kama shamba la Kasikeu mwezi wa Oktoba, kabla mvua haijakumbuka watu. Picha ilikwama, ikasogea, ikakwama.

"Nyasi ziko wapi?" aliuliza Jamal.

"Haiwezi kuzichora."

Jamal alisogea mbele. Kando ya mawe mawili mtu alikuwa amelala kifudifudi peupe, hajafunikwa na chochote, bunduki ameielekeza njiani. Alikuwa ametulia kabisa. Jamal alimkaribia, akamzunguka, na yule mtu hakutikisika.

"Huyu anadhani amejificha," alisema Jamal polepole.

"Ndiyo."

"Wote hulala hivi?"

"Wote."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipoingia saiba ya Wote. Kabla hamjaniuliza ninaonaje. Niliwadanganya nikijua."

Jamal alikuwa ameikodolea macho skrini, hakugeuka. Kidole kikabonyeza chenyewe, kwa mazoea, na mtu yule wa mawe akafa mahali alipolala. Mwingine alionekana mbele kidogo, naye akaanguka. Hata Mbaluka aliyesimama kando alisikia kelele zilizolipuka ndani ya hedifoni, Khalid akipiga mbinja, Muktar akicheka kwa sauti.

"Na umau wako?" aliuliza Jamal.

"Alikuwa fundi cherehani. Goti lako liko kwenye pedali yake."

Jamal akatazama chini. Akalivuta goti lake taratibu, asiikanyage tena ile pedali, akakaa na miguu upande. Usoni hakuwa na hasira. Mbaluka angeshukuru kama ingekuwa hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayekumbuka, mmoja baada ya mwingine, kila usiku aliopewa hadithi akaipokea.

Dirishani, njia ya korongoni ilionekana nyeupe kwa jua. Susu alikuwa akiteremka na upinde begani, bila kuuficha, na mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma mbaazi aliinuka kumuuliza jambo. Susu alisimama. Alimjibu kwa maneno mengi, akionyesha nyumbani kwa mkono, kisha akaendelea na safari yake.

"Jicho!" Sauti ya Ilham ilikuwa kubwa mpaka ikatoka nje ya hedifoni. "Jicho amerudi! Si nilisema? Umefanya nini, wewe? Mbona hujibu? Jicho!"

Jamal alivua hedifoni, akazishika kiganjani kitambo, akamnyooshea Mbaluka bila kumtazama.

Zilikuwa bado na joto la masikio ya mwenzake. Mbaluka alizivaa. Wote watatu walikuwa wakicheka, wakimwita, kila mmoja kwa furaha yake. Akabonyeza kitufe cha kusemea, na vicheko vikapungua ili asikike.

"Ilham," alisema. "Huyo aliyepiga si mimi."